Zimwi Lililopiga Hodi

Wanawake wa chumba cha pasi, pale hospitalini, walikuwa na utaratibu wao: mmoja huwasomea wenzake hadithi kwa sauti, nao humpigia pasi shuka zake. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Kadogo, na mdomo wake ulikuwa umevimba. Mkubwa wao, waliyemwita Shangazi, alimsogezea kigoda na kikombe cha maji ya uvuguvugu.

Hadithi ilimhusu mwanamke aliyependwa na zimwi. Lilikuwa na magamba na pembe, lakini kila jioni lilisimama mlangoni likapiga hodi. Lisipoitikiwa 'karibu', lililala nje mvuani.

"Zimwi gani hilo?" alicheka mmoja wao, mshona vifungo. "Mume wangu hana hata pembe moja, na hodi haijui."

"Ndiyo maana tunavipenda hivi vitabu," alisema Shangazi. "Wanaume wanadhani tunapenda pembe. Tunapenda hiyo hodi."

Kadogo hakucheka. Alisema polepole kwamba jana alifunga komeo, akamwomba mumewe apige hodi kwanza, angalau mara moja. Komeo sasa liko sakafuni.

"Nilidhani labda hajawahi kuambiwa tu."

Mshona vifungo aliinamisha kichwa, akaona haya kwa mzaha wake.

Muda wa kutoka ulipokaribia, mlango ulisukumwa. Alikuwa mumewe Kadogo.

"Inuka, twende nyumbani."

"Hapa watu hupiga hodi, baba," alisema Shangazi, pasi mkononi.

Mwanamume alicheka, akarudi nyuma, akagonga mlango kwa kidole kimoja. "Haya. Hodi, mama zangu."

Hakuna aliyeitikia. Mvuke ulifuka. Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

"Sawa. Nangoja hapa nje. Kazi ina mwisho wake."

Kadogo alitazama meza. Ilibaki shuka moja tu.

Shangazi aliipiga pasi shuka hiyo ya mwisho. Kisha akafuata rundo lililokwisha kukunjwa, akachukua shuka ya juu, akaikunjua, akainyunyizia maji, akaifinyafinya mpaka ikajaa makunyanzi, akaitandika mezani upya. Mshona vifungo naye akavuta ya pili.

Nyuma ya kioo cha mlango, kivuli hakikusogea.

"Soma, mwanangu," alisema Shangazi. "Kazi bado nyingi."

Kadogo alifungua kitabu.