Kisanduku cha Kijani

Prosperi Habimana alikuwa mtu wa kuaminika, na kuaminika huko ndiko kulikomponza. Alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, akasomea Bujumbura kwa mjomba wake, akarudi Tabora na cheti cha kompyuta pamoja na laptop moja nzito iliyoongea Kifaransa tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Mwanzoni watu wa ofisini walimcheka, maana hata herufi zake zilikuwa zimepangwa kivyake, A imekaa mahali pa Q. Baadaye wakawa wanamwita kila printa ilipogoma. Na mtu akishaweza kufufua printa, wenzake humkabidhi mambo mengine yote bila kumuuliza anayajua au hayajui.

Ghala alilofanyia kazi liko Ipuli, refu, la bati, mali ya kampuni moja ya tumbaku. Marobota hufika humo kutoka Urambo, Kaliua na Usinge, na hubebwa mgongoni. Mji huu umebeba mizigo ya wengine tangu enzi za misafara, na haujaitua hadi leo. Ila wapagazi siku hizi huitwa vibarua. Tumbaku nayo ina mdudu wake, na mdudu huyo huuawa kwa gesi. Marobota hufunikwa turubai, vidonge vya dawa hutandazwa chini, milango hufungwa siku kadhaa. Ikishafunguliwa upepo ukapita, mtu mmoja mwenye barakoa huzunguka na kipimo akisoma gesi iliyobaki kila pembe. Ikizidi sifuri nukta tatu, hakuna kuingia. Gesi yenyewe haionekani kwa macho, hunuka kidogo kama kitunguu saumu, na ikimpata mtu humtoa roho.

Zamani mwenye kauli ya mwisho alikuwa mzee Mfaume, mpiga dawa. Akisema ingieni, waliingia. Akisema bado, vibarua wanaolipwa kwa robota walimtukana yeye na ukoo wake. Meneja wao, Magreth, alichoshwa na kelele hizo, akamwomba Prosperi atengeneze jedwali la kompyuta litakaloamua badala ya mtu. Prosperi alilitengeneza chumbani kwake Cheyo, kwenye laptop yake. Aliweka safu ya vipimo, na juu yake kisanduku kimoja. Kompyuta ingehesabu vipimo vilivyozidi sifuri nukta tatu. Kikiwapo hata kimoja, kisanduku kiwe chekundu kiandike SUBIRI. Kisipokuwapo, kiwe kijani kiandike INGIENI. Alijaribu namba mbaya, kikawa chekundu. Alijaribu namba nzuri, kikawa kijani. Akamwita mdogo wake Venansi, aliyekuwa amekuja kumtembelea kutoka Ulyankulu, aje aone, na Venansi, kijana wa jembe, akasema kaka yake ni mchawi wa mchana.

Siku ya kulipeleka jedwali kwenye kompyuta ya ghala alikuwa na hofu kidogo, kwa kuwa kompyuta ile ni ya Kiingereza na kanuni zake alikuwa ameziandika kwa Kifaransa. Alipolifungua alikuta maneno yamejigeuza yenyewe. Pale alipoandika SI, palisomeka IF. Pale alipoandika NB.SI, palisomeka COUNTIF. Hakuwa amegusa kitu.

"Imejitafsiri yote," alimwambia Tunu, karani wa ghala, binti wa fundi cherehani wa pale Cheyo. "Wewe kazi yako kuingiza namba tu. Usibishane nayo. Kisanduku ndicho kitasema."

Wakaingiza vipimo vya siku ile, ambavyo vilikuwa vizuri, na kisanduku kikawa kijani. Namba mbaya Prosperi hakuzijaribu. Angezijaribu za nini, ikiwa mashine imeshamwonyesha kwamba inajua lugha kuliko yeye?

Miezi ikapita, kelele zikaisha. Magreth alimsifia kikaoni. Venansi akaja mjini kutafuta kibarua, na Prosperi akamwombea nafasi ya kubeba marobota. Aliona amemsaidia mama yao, Veneranda, aliyekuwa akihangaika na shamba la Ulyankulu, na kweli alikuwa amemsaidia.

Kisha ikaja ile mvua ya mwisho wa msimu. Ghala lilikuwa limefunguliwa lipigwe upepo, lakini mvua ikawa inapiga ndani kwenye tumbaku, ikabidi milango ifungwe tena. Asubuhi malori yalikuwa yamejipanga nje na madereva wamekasirika. Mzee Mfaume akavaa barakoa, akazunguka, akatoka na karatasi ya vipimo. Karibu vyote vilikuwa vidogo. Cha pembe ya nyuma kilikuwa kumi na moja nukta nne. Alikiona, akakiandika, akampa Tunu karatasi bila neno. Tangu jedwali lije hakuna aliyemuuliza maoni yake, naye alikuwa mtu wa kuweka kinyongo.

Tunu akaingiza namba zote. Kisanduku kikawa kijani. Akakitazama, akaitazama tena karatasi, akampigia simu Prosperi, ambaye siku hiyo alikuwa makao makuu ya kampuni mjini, amepiga magoti mbele ya printa.

"Kaka Prosperi, kuna kipimo cha nyuma huku nakiona kama kikubwa."

"Kisanduku kinasemaje?"

"Kijani. Kimeandika ingieni."

"Sasa Tunu, kati ya macho yako na kompyuta, nani anajua kuhesabu?"

Tunu akacheka kwa aibu. "Haya, kaka. Samahani kwa usumbufu."

Watu husema kuuliza si ujinga, na Tunu hakuwa mjinga. Mjinga alikuwa huko mjini, mikono imejaa wino, ameudhika kwa kukatizwa kazi.

Vibarua wakaingia. Venansi alikuwa mgeni kati yao, na mgeni hupelekwa nyuma kabisa, kwenye marobota ya chini. Mmoja wao alisema ananusa kitunguu saumu, wakamtania kwamba ni pumzi ya mkewe. Kabla ya adhuhuri watu watatu walikuwa wamelala nje kwenye kokoto wakitapika. Wawili walipona. Venansi alifika hospitali akipumua kwa shida, akamshika kaka yake mkono, akamuuliza kama watamkata ujira wa siku. Jioni akafa.

Wakamzika Ulyankulu. Veneranda hakupiga yowe. Alikaa mkekani na kanga begani, akawa kila mara anamgeukia Prosperi na kumwambia "mwana wanje" kwa Kirundi cha nyumbani, yaani mwanangu, kana kwamba anahakikisha huyu bado yupo.

Prosperi alirudi Ipuli siku ya Ijumaa mchana, wengi wakiwa msikitini. Tunu alikuwa ameshasimamishwa kazi, kikao cha uchunguzi kikingojewa. Prosperi alikuja na laptop yake na hasira yake. Alitaka kupata mahali ambapo Tunu aliandika vibaya. Alikuwa na hakika mahali hapo papo, na alipanga namna atakavyomchukia.

Akaweka karatasi ya Mfaume katikati ya mashine mbili. Akalinganisha namba moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ya ghala. Zote zilikuwa sawa, hata ile ya kumi na moja nukta nne. Na kisanduku kilikuwa kijani. Akaziandika upya kwenye laptop yake. Kisanduku kikawa chekundu: SUBIRI. Jedwali moja, namba zile zile, mashine mbili kwenye meza moja, moja inawaambia watu ingieni na nyingine inawaambia wasubiri.

Akabonyeza kile kisanduku cha kijani, akaisoma kanuni polepole. IF ilikuwapo. COUNTIF ilikuwapo. Kisha, ndani ya alama za kunukuu, akaona alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: kubwa kuliko 0,3. Kati ya sifuri na tatu aliweka alama ya mkato, kama walivyofundishwa Bujumbura, kama laptop yake ilivyotaka. Mashine hutafsiri maneno yake yenyewe. Ukiweka kitu ndani ya alama za kunukuu, inakiacha kama ulivyokisema, ikidhani unajua unachosema. Kompyuta ya Kiingereza inataka nukta. Kwake 0,3 si namba, ni maandishi tu. Iliambiwa ihesabu vipimo vilivyozidi maandishi, ikatafuta, haikuona hata kimoja. Na kisipokuwapo hata kimoja, kisanduku ni kijani.

Haikuwa siku ile tu. Tangu alipolileta jedwali, kisanduku kile hakikuwa na uwezo wa kuwa chekundu. Vibarua walikuwa wakiingia kwa rehema za upepo, na siku upepo ulipokosekana akaingia Venansi.

Prosperi alikaa. Akilini alimwona mama yake mkekani, akajiuliza amwambie nini: kwamba wa pili ameuawa na wa kwanza? Kisha akanyoosha kidole, akafuta ule mkato, akaweka nukta. Kisanduku kikageuka chekundu papo hapo. Akahifadhi. Kesho yake sehemu nyingine ya ghala ilikuwa ifunguliwe na watu waingie, kwa hiyo ilibidi arekebishe. Hilo alijiambia, na lilikuwa kweli. Kwamba kwa kurekebisha amefuta ushahidi wa pekee aliokuwa nao Tunu, hilo pia alilijua, na aliondoka nalo.

Kikao kilikaa Jumatatu. Alikuwapo Magreth, afisa mmoja wa usalama kazini, mzee Mfaume, Tunu na Prosperi. Magreth akamwambia Tunu afungue jedwali la siku ile. Likafunguka. Chekundu, SUBIRI.

Tunu aliinamia skrini. "Kilikuwa kijani," alisema.

"Karatasi unaiona? Kumi na moja nukta nne," alisema mzee Mfaume. "Nilisoma, nikaandika, nikampa. Mengine siyajui."

Afisa akamgeukia Prosperi. "Wewe ndiye mtaalamu. Kompyuta inaweza kubadili rangi yenyewe?"

"Hapana," alijibu Prosperi. "Haiwezi kubadilika yenyewe."

"Binti anasema alikupigia simu."

"Alinipigia. Aliniambia ni kijani."

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Prosperi hakusema uongo hata mmoja, na ndiyo maana njia yake ilikuwa ndefu na wazi, hakuna wa kumsimamisha.

"Kaka Prosperi," Tunu akasema, sauti imeshuka. "Kilikuwa kijani. Si nilikuambia?"

Prosperi akainamisha kichwa. Wote waliona majonzi ya mfiwa. Tunu akatazama tena skrini, ile rangi nyekundu, na kitu fulani usoni pake kikalegea.

"Basi sijui," alisema. "Labda niliona vibaya."

Magreth alitaka aitwe polisi saa ile ile. Hapo ndipo Prosperi aliposimama. Alisema marehemu ni mdogo wake, wa tumbo moja, na yeye mwenye msiba anaomba binti asipelekwe popote. Ni binadamu, na binadamu hukosea. Alitetemeka alipokuwa akisema, na kutetemeka kwake hakukuwa maigizo. Magreth akatoa leso. Afisa akaandika kwamba ni ajali iliyotokana na uzembe wa karani, familia imesamehe. Tunu akapoteza kazi, na mkono wa sheria haukumfikia.

Siku ya kumaliza matanga Tunu alikwenda Ulyankulu na mama yake, bi Mwanne. Waliteremka kwenye basi wametapakaa vumbi, ushungi umewageuka rangi. Watu wa msiba walipowatambua, maongezi yakakatika. Tunu akapita katikati yao hadi mkekani kwa Veneranda, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi ndiye niliyewaruhusu waingie." Alilia kabla hajamaliza. "Naapa niliona kijani. Lakini wameniambia kilikuwa chekundu, na nimekiona mwenyewe ni chekundu. Sijui macho yangu yana nini. Siku hizi hata barabara sivuki mpaka mama aniambie vuka."

Bi Mwanne, aliyesimama nyuma yake, akageuza uso pembeni.

Prosperi alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, sahani mapajani. Maneno yalimjia mdomoni yote, yamepangika: mkato, nukta, ni mimi. Alimtazama mama yake. Alikuwa amekonda, mishipa ya shingo imemtoka. Akayameza maneno.

Veneranda alimwinua Tunu kwa mikono miwili. Alizungumza kwa Kiswahili, ili wageni wamwelewe. "Mwanangu amekufa, na wewe ukifa kwa huzuni hatarudi. Nimekusamehe. Usiyabebe tena haya." Kisha akamwonyesha Prosperi kwa kidevu. "Mimi nilikuwa nimekasirika, sikukuombea mema. Aliyekuombea ni huyu. Mshukuru yeye."

Tunu akafuta uso kwa ncha ya ushungi, akasogea kwa magoti hadi alipokaa Prosperi, akauchukua mkono wake wa kulia kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akulipe, kaka," alisema.

Watu wote walikuwa wakimtazama Prosperi, wakingoja aitikie.

"Amina," alisema Prosperi.