Muhuri wa Sajini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye kikao cha ukoo wa filamu. Nilikwenda bila kuuliza, maana barua ya wito ililetwa na rimoti yangu mwenyewe.

Kikao kilikuwa ndani ya kibanda umiza changu hapa Moshi, banda la mabati ambamo kwa miaka zaidi ya thelathini nimeonyesha filamu za nje huku nikizitafsiri kwa maikrofoni, nimekaa pembeni ya televisheni. Ila jana ndani kulikuwa kukubwa kuliko uwanja wa mpira, na mabenchi yote yamejaa filamu. Nazijua kwa sura. Zote ni za polisi na rushwa.

Mwenyekiti ni kanda ya video ya Sajini wa Mvua. Ni filamu ya zamani tuliyoipa jina hilo wenyewe, kwa kuwa jina lake halisi lilishafutika kwenye kasha. Amejifunga khanga juu ya plastiki yake.

"Didas mwanangu," ananiambia, "umenenepa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Una kesi."

Kesi yenyewe naijua. Katika filamu hiyo sajini mwaminifu anawakatalia wakubwa wake wala rushwa, na mwishoni anapigwa risasi ngazini, mvua ikinyesha. Anakufa. Lakini mimi, tangu siku ya kwanza kuionyesha, hutangaza kwenye maikrofoni: "Amezimia tu, ndugu watazamaji! Kesho yupo kazini!" Halafu nazima televisheni upesi. Nilianza hivyo kwa sababu watoto wa benchi la mbele walikuwa wameangua kilio, na mimi machozi ya watoto siyawezi.

Mmoja wa watoto hao ni Pelagia, binti wa jirani yangu. Siku hizi ni koplo wa polisi. Juzi alikuja kwangu na sare yake. Alikuwa ameikataa bahasha ya mwenye malori, na tangu hapo mkubwa wake hamsalimii. Akaniuliza, "Mjomba, hivi yule sajini kweli aliamka?" Nikamjibu aliamka. Nikalala na jibu hilo kama mtu aliyelala na viatu.

Kikaoni kila filamu inasimama kutaja ilichorithi kwa Mwenyekiti. Moja kutoka Asia imerithi koti la mvua, imelivaa. Nyingine imerithi ngazi, imezibeba begani na inasumbua wenzake kila inapogeuka. Nyuma amekaa babu yao, filamu ya zamani kabisa isiyo na sauti. Anafungua mdomo, maneno yanajiandika kifuani: MVUA NILITOA MIMI.

"Ni kweli, baba," anaitikia Mwenyekiti. "Niliazima nikasahau kurudisha."

Kisha anawageukia wanawe. "Na yule mwaminifu, kwenu anaishiaje?"

"Kwetu sote anakufa," wanajibu kwa pamoja. "Ndiyo urithi mkubwa tulioupata kwako."

"Isipokuwa Moshi," anasema mwenye ngazi, akinikazia macho.

Mwenyekiti ananiomba nisome sheria iliyo ukutani kwangu. Nasoma: ANAYETOKA BILA MUHURI HARUDI. Niliiandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya geti. Mteja akitaka kwenda haja au kununua karanga, nampiga muhuri mkononi ili nimtambue akirudi.

"Sajini alitoka duniani," anasema Mwenyekiti. "Ulimpiga muhuri?"

Sikumpiga. Miaka yote hiyo nawatangazia watu kwamba amerudi, na utaratibu wangu mwenyewe sikuufuata. Niliona aibu, sikujua niweke wapi uso.

"Basi hajarudi. Kesho utamwambia Pelagia ukweli."

Hapo banda halipo tena. Tuko ngazini, ndani ya filamu, na mvua inanilowesha. Sajini amelala chali kwenye ngazi ya tatu.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Mgongo unaniua," anasema. "Miaka arobaini nimelalia zege."

"Leta mkono, afande."

Muhuri ninao mfukoni. Ni wa chama cha kahawa alikokuwa karani marehemu baba. Unaandika IMEPOKELEWA, na tarehe yake imekwama kwenye 14 MACHI 1991.

"Sijawahi kupiga askari," muhuri unalalamika.

"Leo utapiga."

Nampiga kwenye mkono wa kushoto. Mwenyekiti anavaa miwani, anauinamia ule mkono.

"Banda lako ulifungua lini, Didas?"

"Mwaka tisini na tatu, mama."

"Kwa hiyo alikuwa na muhuri kabla hajapigwa risasi hapa kwako."

"Naona hivyo, mama."

"Basi ana haki ya kurudi. Kikao kimefungwa."

Sajini anainuka, goti moja kisha la pili, anauliza karanga zinauzwa wapi. Ile filamu ya Asia inalivua koti na kumvika sajini, mzee wake. Nilifurahi mpaka nikaanza kutafsiri bila maikrofoni: "Ameamka, ndugu watazamaji! Safari hii ameamka kweli!"

Nikaamka na mimi. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikalichukua kasha la kanda rafuni. Pale mbele kuna picha ya sajini ameinua mkono wa kushoto, anakataa bahasha. Mgongoni mwa mkono huo kulikuwa na doa la bluu, dogo kama punje ya mchele. Nikatafuta miwani. 14 MACHI 1991.

Sikunywa hata chai. Nilikwenda moja kwa moja hadi barabarani anakosimamia magari Pelagia.

"Shikamoo mjomba. Kwema asubuhi hii?"

"Marahaba. Kwema." Nikampa kasha pamoja na miwani yangu. "Angalia mkono."

Akaangalia. Akaangalia tena. Akanirudishia miwani, akaiweka kofia yake sawa, akalipungia lori lililokuwa linakuja lisimame.