Alizoea Magari Yanayosimama

Kwa miaka sita kazi ya Chokaa ilikuwa moja: kuchora mistari ya barabara upande wa maofisi. Magari yasiyo na dereva yalihitaji mistari hiyo ili yajiendeshe, kwa hiyo haikuachwa ififie. Rangi iliishia darajani. Ng'ambo, alikokaa Chokaa, kulikuwa na lami ya viraka na madereva wenye breki za kubahatisha.

Mkewe alipopata kazi ya usafi kwenye moja ya maofisi hayo, wiki ya kwanza aliganda kando ya barabara mpaka akachelewa. Chokaa akamshika mkono, akamwambia aingie tu kivukoni, asihangaike kugeuza shingo. Gari likasimama taratibu. Mkewe alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Kumbe hili lina adabu kukushinda wewe, baba watoto."

Akazoea. Miezi minane alivuka huku akiongea na simu, na hakuna kilichomgusa.

Jumanne moja asubuhi, karibu na nyumbani, aliingia barabarani vilevile. Pikapu ya mchanga ilikuwa na mtu kwenye usukani. Walioona walisema mama hakukimbia. Aliinua mkono kidogo, kama anayeshukuru kwa kupishwa.

Siku ya nne baada ya mazishi, Chokaa alimfuata msimamizi wake. Pole hakuitaka. Alitaka magari yale yavushwe daraja, kwa sababu binti yake wa miaka tisa anavuka barabara ileile kwenda shule. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimweleza kwamba kule hakuna abiria wa kuyapanda, na kampuni haipeleki gari pasipo na abiria. Akaongeza kwamba hata hivyo ajali zimepungua sana mjini.

"Mjini wapi?" Chokaa akauliza.

"Ndugu yangu, usinibane," msimamizi akasema. " Mimi nachora ninapoambiwa."

Kesho yake Chokaa alimpeleka binti shule mwenyewe. Walisimama ukingoni, akamfundisha: kulia, kushoto, kulia tena, halafu usiamini bado. Mtoto alifuata kila neno. Kisha akauliza kwa nini mama hakuangalia.

Chokaa angeweza kusema mama alikuwa na haraka. Majirani wote walisema hivyo.

"Mimi ndiye niliyemwambia asiangalie," alisema.

Mtoto akauachia mkono wake. Lori likapita, likafuatwa na basi, na hakuna lililopunguza mwendo.