Jua la Barazani

Gamba la kobe lilibonyea. Fundi alikuwa akimfuta kwa kitambaa chenye maji, kidole gumba kikamkandamiza mgongoni bila kukusudia, na pale pakaingia ndani kama ukucha uliolowa maji ya kufulia. Aliondoa mkono upesi. Pakarudi juu polepole. Kobe mwenyewe hakushtuka. Kope zake zilikuwa zimevimba na kufumba, na shingo ameilaza kwenye ukingo wa boksi la nyuzi kama mtu aliyechoka kungoja zamu yake.

Alikuwa mtoto bado, hajazidi kisahani cha chai, ila kwa shingo ile yenye makunyanzi na mdomo ule wa kununa, Fundi alikuwa amembandika jina la Mzee. Hakuwa wake tangu mwanzo. Aliletwa na mgeni wa kaka yake kama zawadi, na wifi akamweka sebuleni ndani ya bakuli la kioo ili kila aingiaye amshangae. Alipoacha kula na macho yakaanza kuvimba, wifi alisema anatia kinyaa, atupwe.

"Nipe mimi, wifi," Fundi alisema.

Wifi alimpa kama mtu anayekabidhi vyombo vichafu.

Tangu siku hiyo Mzee aliishi chumba cha nyuma, pamoja na cherehani, vipande vya vitambaa na sare za wanafunzi zilizosubiri vifungo. Dirisha la chumba lilitazama ukuta. Taa iliwaka mchana kutwa. Fundi alimlainishia mkate kwa maji, akamfunika kwa kipande cha flana, akawa anazungumza naye akishona. Alidhani anamlea.

Daktari wa mifugo aliyempelekea alikuwa mwanamke mnene mwenye buti za mpira, aliyezoea ng'ombe na mbwa. Alimgeuza Mzee tumboni na mgongoni, akabonyeza gamba, akaguna.

"Unamlisha nini?"

"Mkate. Na wali kidogo."

"Kobe na mkate wapi na wapi? Anakaa wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Jua analipata?"

"Taa inawaka mchana kutwa."

Daktari aliinua uso. "Dada, nimekuuliza jua."

Fundi alilivuta boksi la nyuzi karibu naye.

"Mifupa imelegea," daktari aliendelea, sasa kwa sauti ya chini kidogo. "Gamba nalo ni mfupa. Mpe majani mabichi, umnyunyizie unga huu wa chokaa ya mifugo. Asubuhi mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu, yasimfike puani. Lakini hayo yote bila jua ni kazi bure. Na si jua la kupitia kioo. Nje."

"Atapona?"

"Palipopinda pamepinda. Tukiwahi, patakuwa pagumu hivyo hivyo palivyopinda." Akavua glavu. "Ungemleta mapema."

Njiani Fundi alimbeba kifuani, na neno lile likamzunguka kichwani hadi mlangoni. Mapema. Kumbe flana ile, na mkate ule, na maneno yote matamu ya chumbani, vilikuwa vikimmaliza kiumbe wa watu.

Nje kulikuwa wapi? Ua wa nyuma ulizungukwa na kuta ndefu na tangi la maji. Jua liliugusa ukuta kwa juu tu, likapita zake. Jua la nyumba ile lilikuwa barazani, mbele, panapotazamana na barabara. Na barazani Fundi hakuwa akikaa.

Hakuna aliyemkataza kwa ukali. Alipofika na cherehani yake, mumewe akiwa ameshahukumiwa, wifi alimpokea kwa chai na kumwonyesha chumba. "Si kwamba tunakuficha, wifi," alisema. "Ni maswali ya watu tu." Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alikuwa amelewa asubuhi ile alipoparamia kituo cha basi, na waliokufa hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa wa mtaa ule ule wa kaka. Kaka alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa heshima zake. Kwa hiyo Fundi alishukuru. Alishukuru kwa chai, kwa chumba, kwa kazi ya sare, mpaka shukrani ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake alitoka na beseni, birika na kigoda, akaketi barazani. Mwanga ulimchoma macho hata akayafumba. Alimweka Mzee kwenye maji, kisha juani, kisha kivulini, kisha juani tena, kama daktari alivyomwelekeza.

Wifi alitokea na ufagio mkononi. "Wifi, hapa ni mbele ya nyumba."

"Najua. Ndiko liliko jua."

"Basi mwache huyo mdudu wako, wewe ingia ndani."

"Kunguru watamchukua."

Wifi alitazama barabara, huku na huku, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Jioni kaka alikuja hadi mlango wa chumba cha nyuma, akasimama hapo hapo. "Mimi sijawahi kukunyima kitu," alisema.

"Hujawahi, kaka."

"Ila watu wa ng'ambo ya barabara…"

"Wana nini?"

Kaka alivitazama viatu vyake, akajibu kwamba amechoka, wataongea siku nyingine.

Hawakuongea. Fundi aliendelea kutoka. Mzee alifungua jicho moja, kisha la pili, meusi na madogo kama vichwa vya pini. Asubuhi moja aling'ata jani la mchicha, likamtoka, akaling'ata tena kwa hasira, na Fundi akajikuta anacheka peke yake, kicheko kilichompalia kwa kukosa mazoea.

Ni kicheko hicho kilichomleta msusi. Saluni yake ilikuwa ng'ambo, mlango wake ukitazamana na baraza. Alivuka barabara na kitana kikiwa kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, akasimama chini ya ngazi.

"Kumbe upo," alisema.

Fundi alimjua. Mdogo wa mwisho wa msusi alikuwa mmoja wa waliofia kituoni.

"Kaka yako alituambia umehama. Tulikuja hapa na mama baada ya hukumu. Akatutolea viti hapa hapa ulipokaa, akasema umekwenda mbali, hajui ni wapi."

Maji ya beseni yalikuwa yanapoa. Fundi hakuyagusa. "Mlitaka nini kwangu?"

"Mimi nilitaka kukutukana. Mama hakutaka. Alitaka tu mtu wa upande wenu aje aketi naye, amwone alivyo." Msusi alichomoa kitana, akakirudisha. "Tulisikia cherehani huko ndani. Kaka yako akasema ni mkewe anashona."

"Mama yuko wapi sasa?"

"Amekufa. Amekufa akisema hata pole hamkuja kutupa."

"Pole," Fundi alisema. Neno lilitoka dogo, kama lililoshonewa mtu mwingine.

"Pole hiyo haina tena wa kumfikia." Msusi akamtazama kobe. "Ana nini huyo?"

"Mifupa imelegea. Nilimnyima jua."

Msusi alicheka kwa pua, kicheko kisicho na furaha hata chembe, akageuka, akavuka barabara bila kutazama magari.

Siku hiyo Fundi hakungoja kaka amfuate. Alimkuta mezani, kijiko mkononi.

"Walikuja," alisema.

"Nani?"

"Unawajua."

Kaka aliweka kijiko chini taratibu. "Nilikuwa nakulinda."

"Nilikuwa nashona sare za shule yako, kaka. Wao wamekaa hapo nje, mimi natia kola. Ukawaambia ni mkeo."

"Ungeweza kuwatazama usoni wewe?" kaka aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Ungeweza?"

"Sijui," Fundi alisema. "Hukuniacha nijue."

Wifi alikusanya sahani ambazo zilikuwa bado na chakula.

Kisha mawingu yakaja, yakakaa. Baridi iliingia hadi kwenye pindo za vitambaa. Fundi alipasha maji, akamfunga Mzee kwenye chupa ya maji ya moto, akasaga chokaa na majani, akamfungua mdomo kwa ncha ya kijiti. Mzee alimeza mara moja moja, kwa adabu, kama anayemfurahisha mwenyeji. Halafu akaacha. Asubuhi jua lilipotoka tena, jeupe na jipya baada ya mvua, Fundi alimtoa barazani, akamweka kwenye maji, na shingo ikateremka na haikuinuka. Alimkandamiza mgongoni. Palikuwa pameanza kuwa pagumu. Alimzika uani, nyuma ya tangi, na alipomaliza, kucha zake zilijaa udongo.

"Pole, wifi," wifi alisema, na pengine alimaanisha. "Angalau sasa utapumzika na hilo jua."

Kulipokucha, sebuleni kulisikika mkwaruzo. Fundi alikuwa akiisukuma cherehani peke yake, futi kwa futi, miguu ya chuma ikichora sakafu iliyong'arishwa.

"Kobe amekufa," wifi alisema. "Unafuata nini huko nje?"

"Nafanya kazi."

"Na wageni wakija?"

"Nitawapisha njia."

Kaka alitoka na mkoba wake wa shuleni, akamkuta barazani amekwisha kutia uzi. Alishuka ngazi kama mtu aliyesahau kitu lakini hathubutu kurudi kukichukua.

Ng'ambo, mlango wa saluni ulifunguliwa. Msusi alitoka na taulo, akaikung'uta, kisha akaiona cherehani, na aliyekuwa nyuma yake. Mguu wa Fundi ulisita kwenye pedali. Alisimama ili aonekane mwili mzima, mikono mitupu, mwanga wote usoni. Magari yalipita kati yao, yakapita tena. Msusi hakuinua mkono. Wala hakuingia ndani.