Mstari Mmoja wa Fomu

Ofisi ya elimu ilikuwa imeirudisha fomu ya mwalimu, na baba yake, fundi saa, aliitupa juu ya meza ya daktari.

"Likizo ya kwanza mliandika skizofrenia. Ya pili, bipola. Sasa anarudi kazini, umeandika mchanganyiko wa yote mawili. Karani kahesabu magonjwa matatu! Anataka jina lilelile lililompeleka binti yangu nyumbani, la sivyo Jumatatu haingii darasani."

"Ugonjwa ni mmoja, mzee wangu," alisema daktari. "Tunauita kwa dalili. Kwanza alisikia sauti tu. Baadaye akawa halali, anaongea kama cherehani."

"Sasa, daktari mwanangu, saa ikichelewa mimi siiti ugonjwa wa kuchelewa. Naifungua nione kilicholegea."

"Ndicho wanachotafuta wenzetu wa utafiti."

"Si wamemfungua? Wamemvika kofia ya nyaya wakasoma mawimbi ya ubongo. Wamemfuatisha nukta kwa macho kwenye kioo cha kompyuta. Damu wamechukua. Jibu: kundi la pili. Nauliza kundi la pili ni nini, wananiambia bado wanachunguza. Na dawa? Ileile!"

"Angalau nimepata daraja la pili, baba," alisema binti, aliyeketi kando yake.

Mzee hakucheka. Miaka arobaini alikuwa amewarudishia watu saa zao na kuwaonyesha, kwenye kiganja, kipuri kilichokatika. Hapa alipewa majina tu, na lile moja lililotoka kwenye vipimo halikuwa na maana yoyote.

"Basi andika kundi la pili. Hilo limepimwa."

"Karani atahesabu manne."

Binti akaisogeza fomu mpya mbele ya daktari. "Andika bipola, daktari. Ndilo lililonipeleka nyumbani."

"Lakini kwa dalili zako…"

"Dalili gani? Mwezi wa saba huu sina hata moja. Nina wanafunzi hamsini na wawili."

Daktari aliandika, akagonga muhuri.

"Ni kweli hiyo?" mzee aliuliza.

"Si uongo, mzee wangu."

"Sikukuuliza hivyo."

Binti alikwisha simama, fomu mkononi. "Baba, twende. Ofisi inafungwa saa tisa."

"Tangulia, mama," alisema mzee, akakivuta kiti karibu na meza. "Mimi bado sijajibiwa."