Mama Mkwe kwenye Mashindano ya Vyuma

Syombua wa Katelembo alikuwa mtu wa kutaka kujua. Ukipita kwake na mzigo uliofunikwa, angekuamkua na kukuamkua mpaka uufunue mwenyewe. Basi siku Mueni, mke wa mwanawe, alipolitwaa gunia la mahindi mlangoni na kulitia begani bila hata kuguna, Syombua hakutulia tena.

"Hizi nguvu umetoa wapi, mwanangu?"

"Ni kazi tu ya kiwanda, mwaitu," Mueni alijibu, akimwita mama kama ilivyo desturi, huku akiangalia pembeni.

Kazi yenyewe ilikuwa kufunga maboksi ya sabuni huko Athi River. Sabuni gani hiyo inayompa mtu shingo ya fahali? Kwa hivyo Jumamosi moja ya mwaka 2003, Mueni alipoondoka na mkoba akisema anaenda Machakos mjini kushangilia michezo ya mikoa, Syombua alijitanda leso akamfuata nyuma.

Mjini watu walikuwa wengi, na Mueni akampotea. Syombua alikuwa akizunguka hivyo aliposikia kishindo ndani ya ukumbi mmoja, kama lori limeangusha mawe. Angepitaje bila kuchungulia? Akaingia, akakuta wanawake wakishindana kuinua vyuma vizito, akaketi benchi la mbele kabisa, kando ya Ngigi, muuza mabati kutoka Tala.

"Hiyo wanajipaka ni unga?"

"Ni chaki, mama. Ndio mikono isiteleze."

"Na wale wamekaa na taa?"

"Hao watatu ni waamuzi. Ukiinua vizuri, taa nyeupe. Ukiharibu, nyekundu. Kila mtu ako na nafasi tatu."

Kabla hajauliza lingine, jina la Mueni likatangazwa, na Mueni mwenyewe akatokea amevaa vazi la kubana, mapaja nje. Syombua akajifunika mdomo kwa leso. Macho hakuyafunika.

Mueni aliinama, akashika chuma, akainua uso. Macho yao yakakutana. Chuma hakikubanduka sakafuni.

"Ameona nini huyu?" Ngigi akashangaa. "Saa ile anajipasha moto, hii alikuwa anainua kama ufagio!"

Mara ya pili Mueni alianza kwa kulivuta lile vazi chini, akalivuta tena, kana kwamba litarefuka lifike miguuni. Chuma alikifikisha mabegani, lakini jicho likamponyoka kuelekea benchi la mbele. Viwiko vikalegea, vyuma vikaanguka kwa kishindo.

Hapo Syombua akaelewa. Tangu aolewe, Mueni hakuwahi kupita mbele yake bila kujifunga leso. Yeye alikuja kutafuta nguvu zilikotoka, kumbe ndiye anayezimaliza. Roho ilimuuma, kwa maana hakuna kitu alichotaka zaidi duniani wakati huo kuliko kuona ile mara ya tatu.

Akasimama wima ili aonekane vizuri, akaenda zake mlangoni.

"Mama, unatoka sasa? Ndio inanoga!"

"Niangalilie wewe. Utaniambia yote."

Nje alisimama ameupa ukuta mgongo. Alisikia jina. Alisikia ukumbi ukinyamaza, kimya kikavuta, kikavuta, kisha kishindo. Ameinua au ameangusha? Hata mshindo wa chuma haukusema. Mara makelele yakapasua paa, na Ngigi akatoka mbio.

"Nyeupe zote tatu!"

"Magoti yalitetemeka? Alifunga macho?"

"Ai mama, nilikuwa napiga kelele, hayo sikuona!"

Syombua nusura amchape.

Baadaye Mueni alitoka amevaa suruali ndefu, na medali ya shaba shingoni. Alisimama mbali kidogo, kichwa chini.

"Mwaitu, ulitoka kwa hasira?"

"Nilitoka ndio uinue."

Mueni akajipangusa uso kwa mkono wenye chaki, ukabaki na mstari mweupe. Kisha akamshika mama mkwe wake mkono na kumrudisha ndani, ambako vyuma vilikuwa bado havijakusanywa. Akavua ringi zote, zile sahani nzito za pembeni, kwenye mtaimbo aliouinua, ukabaki mtupu. Syombua akakaza leso kiunoni, akainama, akauinua mpaka magotini, akaushusha haraka akihema na kucheka.

"Sasa niambie," akasema, pumzi haijarudi. "Ukikifikisha kule juu, unapumua ama hupumui?"

Mueni alifikiri.

"Sijui, mwaitu. Sijawahi kujiuliza."

"Rudisha hizo ringi," Syombua akasema. "Inua niangalie."