Simu ya Mwezi Ujao

Simu ya Kinyozi ilikuwa na spika mbili, moja ya sikioni na moja ya nje. Ile ya sikioni aliiua mwenyewe. Alizoea kuibana simu kati ya bega na sikio huku mikono yote miwili ikiendelea kunyoa, na nywele za wateja zikaingia kidogo kidogo kwenye vile vitundu, mpaka sauti ikawa kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya gunia. Akachukua kiburashi cha kusafishia mashine, akasugua. Wapi. Akachukua kichupa cha mafuta ya mashine, yale ambayo tone moja linatosha meno yakianza kukwama, akamimina kama anamnywesha mgonjwa dawa. Kuanzia siku hiyo simu ilikubali kusema kwa spika ya nje tu, tena kwa sauti ambayo hata mteja mwenye mashine inayonguruma sikioni aliisikia neno kwa neno.

Hivyo ndivyo mambo ya nyumbani kwao yalivyohamia kwenye kibanda cha kunyolea. Mkewe, mama wa nyumba, akipiga kusema choo kimeziba, mteja wa kitini anatoa ushauri. Mama akimsema wifi yake, benchi la wanaosubiri linagawanyika, hawa wako na mama, wale wako na wifi. Alionywa mara nyingi, lakini mama akishashika simu anaongea kama yuko chumbani na mumewe, taa imezimwa.

Aliyeumia zaidi ni binti yao. Kazi yake ilikuwa hapo hapo kibandani, kuosha vichwa vilivyokwisha kunyolewa na kufua taulo. Alikuwa mtu wa haya. Mteja akimuuliza kama maji ni ya moto au baridi, alimjibu kwa kufungua bomba. Siku mama alipouliza, kibanda kimejaa, kama binti amekumbuka kununua sidiria alizoagizwa, binti alitoka kwenda uani kuanua taulo na hakurudi mpaka mlango ulipofungwa, ingawa taulo zenyewe zilikuwa bado zinachuruzika.

"Baba, nunua simu nyingine," alimwambia jioni ile, na kwake hayo yalikuwa maneno mengi.

Kinyozi alikubali. Akaahidi hata kwamba akinunua mpya, hii ya zamani itakuwa ya binti. Tatizo lilikuwa Mwezi Ujao.

Jina lake halisi hakuna aliyelijua tena. Alikuwa na kimeza cha kioo mlangoni pa kibanda, akiuza simu, kava na nyaya za chaji, na alizipenda simu kiasi kwamba moyo haukumruhusu kumuuzia mtu simu ambayo ndugu yake bora yuko njiani. Kinyozi akinyoosha kidole kuonyesha moja, Mwezi Ujao anamshusha mkono taratibu. Asiharakishe, mwezi ujao linatoka toleo jipya, kamera yake inapiga picha gizani, chaji yake inakaa siku mbili. Mwezi ujao ukifika na toleo likatoka, Kinyozi anakwenda kulishika, na Mwezi Ujao anamtazama kwa huruma. Hilo nalo limeshapitwa, mzee. Watu walijiuliza anakula nini. Alikula kava.

Na Kinyozi naye hakuwa mtu wa kubishana na neno kusubiri. Kibao cha jina la kibanda chake kilikuwa kimesimama nyuma ya mlango tangu binti akiwa mdogo, kikisubiri rangi nzuri zaidi.

Basi akatokea fundi wa mageti. Alikuwa kijana wa kuchomelea vyuma mwisho wa mtaa ule ule. Alikuja kunyoa kama watu wengine, binti akamuosha kichwa. Akarudi mapema kuliko nywele zilivyotarajia. Mara ya tatu Kinyozi alipitisha mashine juu ya kichwa kwa heshima tu, maana hakukuwa na cha kukata. Fundi hakujali. Alikuja kwa ajili ya sinki. Pale alilala chali, macho yamefumbwa kwa povu, na binti akagundua kwamba mtu asiyekuona unaweza kumwambia mambo. Alimsimulia, kwa sauti ya chini kuliko ya maji, kwamba angependa siku moja awe na saluni yake ya wanawake, yenye kioo kikubwa, na isiyo na simu.

Kichwa kilipokuwa hakina tena sababu ya kuoshwa, fundi akaanza kupiga simu. Kwa nani? Kwa Kinyozi, maana ndiyo iliyokuwepo. Shikamoo baba, nilitaka kukujulia hali. Asubuhi hali, mchana hali, jioni hali. Kinyozi aliwaambia wateja hajaona kijana mwenye adabu kama yule. Wateja walimtazama binti, binti alitazama taulo.

Halafu ikaja siku ambayo fundi alilala pale kwenye sinki akamwambia amepata kazi mji mwingine, mageti na madirisha ya jengo zima, kazi ya mwaka. Akamuuliza, kabla hajaondoka, atamkubali? Binti alishtuka, maji yakamwagika usoni kwa fundi, povu likaondoka lote. Macho yakafumbuka. Yakiwa wazi vile, binti aligeuka akaanza kukunja taulo. Fundi alijifuta mwenyewe, akaenda zake.

Jumamosi kibanda kikiwa kimejaa, simu ikalia. Kitini alikuwepo mwalimu mstaafu, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mzima kabisa, hata mgongo leo..."

"Leo sikupiga kukujulia hali, baba."

Kinyozi akazima mashine. Fundi alisema alichopigia simu kwa pumzi moja, kwamba Jumatatu anasafiri, kwamba anataka wazee wake waje kesho kumposa binti, lakini binti hajamjibu. "Na asiponijibu leo, baba, nitajua nimejibiwa."

Kwenye sinki, vidole vya binti vilisimama ndani ya taulo. Kinyozi naye alifanya alichozoea kufanya kila alipotakiwa kuamua. Alimtazama Mwezi Ujao.

"Kijana si mbaya, sisemi," akasema Mwezi Ujao toka mlangoni. "Lakini haraka ya nini, mzee? Huyu hana hata pikipiki. Ukivumilia kidogo atakuja mwingine, ana kila alicho nacho huyu, na gari juu yake."

"Na chaji inakaa siku mbili," akasema mwalimu.

Benchi likacheka. Kinyozi hakucheka, alikuwa anafikiri kweli. Akaisogeza simu mdomoni. "Mwanangu," akasema kwa upole, "hebu tusubiri kidogo."

Fundi akajibu kwa sauti ya mtu ambaye kidole chake kiko njiani kukata simu, "Sawa, baba."

Binti aliijua ile "kidogo" ya baba yake. Kile kibao kilikuwa bado kimesimama nyuma ya mlango pale, hakijapakwa rangi. Alitoka kwenye sinki mikono ikichuruzika, akaichukua simu mkononi mwa baba, akaishika mbele ya mdomo kama kioo kidogo.

"Waje kesho," akasema.

Akafikiri labda hakusikika, akaongeza sauti. "Mimi namtaka huyu aliyepo. Huyo wa mwezi ujao atafutiwe mwingine."

Simu ikalipuka. Nyundo juu ya mabati, miluzi, vigelegele vya wanaume. Karakana nzima ya kuchomelea ilikuwa inasikiliza.

"Samahani," sauti ya fundi ilipenya. "Na mimi nimeweka sauti ya nje. Nimevaa glovu."

Kinyozi aliketi kwenye benchi la wateja. Mwalimu akauliza kwa adabu kama upande wa pili wa kichwa chake nao utasubiri. Kinyozi hakumsikia. Alikuwa anahesabu watakaompigia kuanzia jioni ile, mama wa kijana, shangazi za kijana, na katikati yao wote mkewe, ambaye alikuwa hajaambiwa bado, na ambaye angesema maoni yake yote kuhusu ukoo ule mbele ya benchi.

"Fungua kioo," akamwambia Mwezi Ujao. "Nipe ile nyeusi."

"Mzee, wiki mbili tu..."

"Fungua."

Mwezi Ujao aliitoa taratibu, akaifuta kwa shati lake, akaendelea kuishika upande mmoja hata Kinyozi alipokwisha kuishika upande wa pili.

Sasa Kinyozi anaongea simu ikiwa sikioni, ila mazoea ya kupiga kelele hayajamtoka, kwa hiyo kibanda kinapata nusu ya mazungumzo. Mwalimu analalamika kwamba anapewa majibu bila maswali. Simu ya zamani anayo binti. Jioni anajificha uani, katikati ya taulo mbichi, na wapita njia wa upande wa pili wa ukuta wanapunguza mwendo. Akisikia nyayo zao anashusha sauti. Fundi, huko aliko, hashushi.